Pengo la Unene wa Kucha

Mabela, nyuma ya duka la matairi,
saa kumi na moja alfajiri, kabla jua halijakasirika,
nagonga ubao kwa kifundo cha kidole,
nasikiliza.

Mninga huu ulishuka bandarini Suhari mwezi wa Rajabu.
Miezi saba umelala chumbani kwangu,
vijiti baina ya ubao na ubao, hewa ipite,
na Bi Thuweba amepiga simu mara nne:
"Suweid, kabati hilo au msikiti?"
Namwambia, mbao bado hazijaujua mji.
"Mwanangu, mimi nina miaka hamsini hapa,
nami sijaujua. Chonga."

Basi nachonga.

Mukhtiar katoka Multani. Kiswahili chake hakijazi kikombe,
Kiurdu changu hakijazi kijiko.
Lakini nikisema "randa," anajibu "randa,"
ananipa kitu kilekile,
nasi tunacheka kila mara
kama watu waliogundua wana shangazi mmoja.
Ukiifuatisha nyuzi, randa huteleza kwa pumzi moja,
maranda mekundu yakajikunja miguuni.
Ukiipeleka kinyume, inachimba,
na jeraha la kinyume halifichwi na vanishi.

Fremu ni ulimi na tundu. Msumari hakuna.
Ulimi uingie kwa kusukumwa na kiganja:
ukidai nyundo, umenenepa;
ukiingia wenyewe, umekonda.

Wa mguu wa kushoto, nyuma, chini, ulikonda.
Alasiri, joto arobaini na sita,
msumeno ulikula unywele mmoja zaidi.
Nikapachika kibanzi, nikatia gundi, nikabana kwa jiliwa.
Asubuhi kiungo kilikuwa kigumu kama vingine.
Mukhtiar aliona.
Akaenda kuchemsha chai.

Kisha msasa: themanini, mia na ishirini,
halafu nafuta ubao kwa kitambaa chenye maji
na nyuzi zinasimama
kama vinyweleo vya mtu aliyetoka kuoga Januari.
Zikikauka nazilaza tena, mia mbili na ishirini,
mpaka kiganja hakijui kimeanza wapi kugusa.
Mafuta ya kitani, kidogo, kidogo sana,
siku mbili, tena kidogo.
Matambara tunayatandaza uani, moja moja,
maana ukiyafinyanga pamoja yana mafuta
yanajiwasha yenyewe usiku, bila kiberiti;
jirani wa matairi hataki kusikia habari hiyo.
Mwisho nta ya nyuki, na mkono mpaka bega liseme basi.

Tulilipeleka Al-Khudhi Jumamosi, limefungwa mablanketi.
Bi Thuweba alivaa miwani.
Alifungua, akafunga, akanusa ndani kama anayenusa chungu.
Kidole chake kikasimama kwenye ukingo wa mlango.
"Hapa umesahau gundi."

Sikusahau, Bibi. Ubao huu uko huru ndani ya fremu.
Julai unyevu ukipanda kutoka baharini, utatanuka.
Ukiwasha kiyoyozi, utajikaza.
Pengo hilo, unene wa kucha, ndilo analosogelea.
Ningembana pande zote,
mwaka ujao ungesikia mlio usiku, kama fimbo inavunjika.

Aliliangalia pengo kwa muda.
Mwanawe wa Doha alikuwa simuni, anasubiri kuoneshwa.
"Ee," akasema. "Basi usinizibie."
Akanilipa noti kwa noti, akanitilia kahawa
na halua iliyokuwa imeanza kushika sukari.

Miaka mitatu sasa. Hajapiga simu kulalamika.
Husikii mlango ukilia, kwa habari nilizonazo.
Lakini nikipita njia ile na gari la mbao
mkono wangu unaanza kuhesabu juu ya usukani:
viungo kumi na tisa nilivifanya mimi.
Cha ishirini alikifanya mtu mwenye haraka
aliyekuwa amevaa shati langu.